Aliyeshika Ncha ya Uzi

Uzi ule haukuwa na ukoga. Nanga aliliona hilo mara moja, maana kitu chochote kikikaa baharini hata wiki moja huvaa utelezi wa kijani, iwe chupa, iwe kiatu, iwe ndoo iliyoponyoka. Uzi ule ulilala chini ya jabali mweupe kabisa, kana kwamba umetoka dukani asubuhi ile. Siku nyingine angeupita. Siku ile alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huwa haulizi maswali mengi akiona kitu anachokihitaji.

Tuseme ukweli, wiki ile vifaa vyake vilikuwa vimemfanyia visa. Kwanza mpira wa bunduki yake ya mshale ulikatika akiwa anauvuta, ukamchapa kidevuni mpaka akauma ulimi. Kesho yake triga ikakwama. Alilenga, akabonyeza, samaki akamtazama. Akabonyeza tena, samaki akaondoka zake taratibu kama mtu aliyetumwa chumvi. Siku iliyofuata mshale ukapinda kwenye mwamba. Na asubuhi hii yenyewe alimpiga samaki wa kuringia, ndipo rili, kile kigurudumu kilichofungwa chini ya bunduki ili kutoa uzi wa mshale na kuurudisha, ikagoma. Samaki akavuta, rili ikakataa kuachia, Nanga akawa anaburutwa kuelekea pangoni huku pumzi imemwishia. Akachomoa kisu, akaukata uzi wake mwenyewe. Samaki akaenda, na mshale, na uzi karibu wote.

Alipoibuka, shemeji yake, ambaye ndiye mwenye boti na mdogo wa mkewe, alimtazama usoni tu akajua.

"Tena?"

"Tena."

"Mpira?"

"Rili."

"Shemeji, bunduki hiyo haitaki fundi. Inataka sanda."

Nanga alicheka kwa sababu kutocheka kungemchosha zaidi. Watu walimpa jina la Nanga akiwa kijana, kwa jinsi alivyokuwa akishuka chini moja kwa moja na kukaa huko mpaka waliobaki botini waanze kuulizana. Sasa masikio yalimuuma kila akishuka, magoti yalimuuma kila akipanda ngazi, na kitu alichokitamani kuliko vyote duniani kilikuwa usingizi wa mchana usio na mtu wa kumwamsha. Alizama mara ya mwisho kuutafuta mshale wake. Mshale hakuuona. Akauona uzi ule.

Ulitoka kwenye shimo chini ya jabali. Aliuvuta, ukaja, mwepesi, bila kukwama. Akawa anauzungusha kati ya kiganja na kiwiko, fungu likizidi kunenepa, mpaka ghafla ukakaza. Jiwe likishika uzi, limeshika, halibadiliki. Huu ulikaza, ukalegea kidogo, ukakaza tena. Wazamiaji wa pale wana desturi yao: mshale uliouokota unamrudishia mwenyewe, lakini uzi ulioingia pangoni unauacha, maana hujui bado umeshika nini. Nanga aliijua desturi hiyo kuliko wengi, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha wengi. Lakini kifua kilikuwa kinadai hewa, na rili yake ilikuwa tupu. Akaukata na kisu, akapanda na fungu lake mkononi.

"Wa nani huo?" shemeji aliuliza.

"Wangu."

"Tangu lini?"

"Washa mashine, twende."

Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale wa kufundishwa kukaa na kunyamaza, na alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na Nanga naye alimwita hivyohivyo, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea, na siku hizi kwa mapenzi. Binti yao alikwishaolewa mbali. Nyumba ilibaki na watu wawili na ukumbi mrefu mwembamba, chumba cha kulala huku, jiko kule.

Mchana ule Nanga alimwita amsaidie.

Uzi wa rili hauzungushwi kienyeji. Ukiuzungusha umelegea, siku samaki akivuta kwa nguvu, mizunguko ya juu huzama katikati ya ile ya chini, inabanana, na rili inakwama. Hilo ndilo lililomkuta asubuhi, kwa kuwa ule wa kwanza aliuzungusha peke yake kwa haraka. Safari hii alitaka kufanya kama inavyotakiwa. Ile ncha aliyoikata pangoni aliifunga kwenye kiini cha rili. Ncha ya pili alimpa Mwalimu, akamwambia aende nayo mpaka mlango wa jikoni, aushikilie uzi kwa nguvu kama anamkatalia, kisha awe anamsogelea polepole kadiri yeye anavyozungusha mkono wa rili.

"Unanikata vidole," Mwalimu alilalamika.

"Vaa kitambaa."

"Kitambaa kiko mbali na mimi nimeshasimama." Akauzungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wake, mara mbili, akakaza. "Haya. Nivue basi."

"Samaki mnene hivi bunduki yangu haimwezi."

"Mnene nani? Rudia hilo neno uone kama utakula leo."

Rili ilizunguka. Mwalimu alisogea hatua kwa hatua, akiegemea nyuma, akicheka, uzi umekaza kati yao mpaka unalia ukiguswa. Nanga alimtazama akija na akasahau uchovu wake. Alimpenda sana mwanamke huyu. Mwalimu alipofika, mkono wake ukagusana na rili.

"Umenipata," akasema.

Akaufungua uzi mkononi, akaenda kuangalia sufuria. Kwenye kifundo zilibaki alama mbili nyekundu, na wote wawili walidhani zitaondoka kabla ya jioni.

Kesho yake Nanga alirudi kutoka baharini, akala, akajilaza. Bunduki aliitundika kwenye msumari ukumbini kama siku zote. Mwalimu naye aliporudi kazini alijitupa kitandani kando yake, jambo ambalo hakulizoea, akasema leo watoto wamemmaliza. Nyumba ikanyamaza. Nanga akiwa katikati ya usingizi akasikia, ti, ti, ti, ti, meno ya rili yakigonga jinsi yanavyogonga samaki anapokimbia na uzi.

Breki imelegea, akajisemea. Akaamka akilaani, akaikaza breki na bisibisi, akarudi kulala.

Ti, ti, ti, ti.

Siku ya tatu ya kelele hizo aliipeleka rili kwa fundi. Huyu alikuwa na kibanda cha kutengeneza pampu na mashine za boti, na bunduki za wazamiaji alizitengeneza kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Aliifungua rili yote, akapanga vipande vyake juu ya gazeti, akavipuliza, akavitazama kwenye mwanga, akavirudisha. Kisha akaibana breki mpaka mwisho, akamwambia Nanga avute uzi. Nanga alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Uzi haukusogea hata kidogo.

"Nzima kuliko mimi na wewe," fundi akasema.

"Inajiachia."

"Hii? Hii haijiachii, labda ivutwe na lori."

"Inajiachia mchana nikilala."

Fundi alimwangalia macho yake mekundu. "Umelala lini mara ya mwisho, kaka?"

Nanga alilipa, akaichukua rili yake. Alirudi nyumbani na rili iliyobanwa. Mchana ule hakulala. Aliketi kwenye kiti ukumbini, bunduki mbele yake ukutani, mlango wa chumbani wazi ili amwone Mwalimu, ambaye sasa alikuwa akirudi kazini anapepesuka, na ambaye mwalimu mwenzake alikwisha kumkuta amesinzia mbele ya ubao na chaki mkononi, huku watoto wakimtazama kimya. Sauti yake ilikuwa imepungua. Alama mbili za mkononi zilikuwa bado zipo, na hazikuwa nyekundu tena, zilikuwa nyeusi.

Harufu ilitangulia. Si harufu ya samaki, hiyo ilikwishakaa katika nyumba ile na haikumsumbua mtu. Hii ilikuwa harufu ya jiwe lililolowa mahali pasipofika jua, baridi, inayokaa nyuma ya koo. Kisha rili ikaanza kugonga, na Nanga, akiwa macho, mikono juu ya magoti, akauona uzi ukichomoza, ukashuka ukutani, ukagusa sakafu, ukaanza kwenda, hautapatapi wala hauhangaiki, unakwenda kama kitu kinachojua njia, ukapita kando ya mguu wake wa kushoto, ukavuka kizingiti cha chumbani, ukapanda mguu wa kitanda, ukapotea chini ya shuka pale ulipokuwa mkono wa Mwalimu. Mwalimu akahema kwa nguvu, akageuka, akajirusha, miguu ikapiga godoro. Rili ikasimama. Halafu mkono wa rili, ule mdogo wa kuzungushia, ukaanza kuzunguka wenyewe taratibu, kurudisha, na uzi sakafuni ukainuka ukakaza, na Mwalimu akatulia, akatulia kabisa, kifua kikakoma kupanda na kushuka, midomo ikawa ya kijivu, na mkono wa rili ukaendelea kuzunguka bila haraka yoyote.

Nanga alimrukia. Akamtikisa, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo hakulitumia tangu harusi. Rili ikasimama. Mwalimu akavuta hewa kwa sauti ya mtu anayetoka chini ya maji.

"Nimeota navutwa," akanong'ona. "Nakimbia, napumzishwa kidogo, navutwa tena. Nimechoka, mume wangu. Nimechoka mno."

Nanga alijua palepale, maana hiyo ndiyo kazi yake. Samaki mkubwa humvuti kwa nguvu. Unamwachia akimbie, unamrudisha, unamwachia tena, na kila akikimbia anakwenda karibu zaidi kuliko mwanzo, mpaka ile mara ya mwisho anapokuja mwenyewe ubavu juu. Uzi ule haukuharibika na rili haikuharibika. Kulikuwa na mtu anamchosha mke wake.

Alichukua kisu kilekile, akaweka makali juu ya uzi. Mwalimu alipiga yowe, akakamata kifundo cha mkono, na damu ikapita katikati ya vidole vyake. Nanga akakitupa kisu.

Fundi ndiye aliyewaelekeza. Alikuja jioni kuuliza hali, akauona mkono wa Mwalimu, akaomba wasimweleze zaidi. "Mimi natengeneza vilivyoharibika," akasema, huku anatafuta viatu vyake. "Hiki hakijaharibika. Nendeni kwa fundi cherehani, yule mama wa sare za shule. Ana kazi nyingine, ya mambo kama haya."

Fundi cherehani alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi, na chumba chake kilijaa kaptula za watoto mpaka dirishani. Hakuacha kukanyaga cherehani walipoingia. Aliitazama rili aliyoishika Nanga, akaivuta harufu yake mara moja, akasogeza kiti nyuma.

"Iweke pale chini. Usiiweke mezani." Kisha akamgeukia Mwalimu na kusema kwa upole, "Lete mkono, mwanangu."

Aliutazama kwa muda mrefu. Alipozungumza aliteremsha sauti, na wao wakalazimika kuinama kumsikia.

"Nani alishika ncha?"

"Mimi," Mwalimu akajibu.

"Ukajifunga."

"Nilizungusha tu, isinikate."

"Na wewe ukamvuta." Hili alimwambia Nanga. "Ncha ya mwenyewe ukaiweka ndani, mkeo ukamweka nje, ukamvuta mpaka akafika. Ungetaka kumkabidhi usingefanya vizuri zaidi ya hivyo."

 Nanga alikaa juu ya rundo la sare bila kukaribishwa.

"Ni jini?" akauliza.

"Sema polepole. Nimeona wengi mimi, wengine wapiga kelele, wengine wanataka marashi, wengine wanataka kubembelezwa tu kama wakwe. Hao ni nafuu. Huyu hataki chochote. Huyu anavua. Mko kazi moja, wewe na yeye."

"Mtoe, mama. Nakuomba. Nitafanya lolote."

"Mimi simtoi. Hayumo ndani ya mkeo, yuko upande wa pili wa uzi. Urudishe palepale ulipoutoa. Ncha yake mpe mkononi." Alivua miwani, akajisugua macho, na ikaonekana naye amechoka. "Tatizo ni ncha hii ya huku. Hatapokea uzi mtupu. Wewe ungepokea? Umemchosha samaki siku zote hizo, halafu unaletewa uzi na mtu anakwambia pole?"

Mwalimu alianza kulia bila sauti, kwa kuwa hata ya kulilia hakuwa nayo.

"Wengine hufunga jiwe," fundi cherehani akaendelea. "Mara moja moja amekubali jiwe. Jaribu kwanza jiwe."

"Na akikataa?"

Mwanamke yule alivaa miwani yake tena. "Jaribu kwanza jiwe," akarudia.

Walikwenda asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshatoka na maji yametulia. Fundi cherehani alibaki nyumbani na Mwalimu, amekuja na kazi yake ya mkono. Usiku ule rili ilikuwa imegonga mara chache tu kabla ya kuanza kurudisha. Uzi haukufika hata kizingiti cha chumba, na bado pumzi ya Mwalimu ilikatika kitandani. Nanga aliupima kwa macho na hakuhitaji kuambiwa. Mwalimu alikuwa anakaribia kuja mwenyewe.

"Shemeji, dada yangu atapona?" shemeji aliuliza, mkono kwenye usukani. Hakuwa na utani leo.

"Atapona."

"Unasema kweli?"

"Simamisha hapo. Hapohapo."

Alivuta pumzi, akazama na rili na jiwe, bila bunduki. Chini kulikuwa kweupe, mchanga unang'aa, samaki wadogo wanacheza juu ya jabali kana kwamba hakuna lolote duniani. Alipiga magoti mbele ya shimo. Akalitoa fungu zima la uzi kwenye kiini cha rili, akaifungua ncha ya ndani, akaisogeza ile ncha aliyoikata mpaka kwenye giza. Haikubidi aisukume. Kitu kiliipokea kutoka vidoleni mwake, kwa adabu, kama mtu anavyokupokea mzigo mlangoni.

Ncha ya pili alikuwa ameifunga kwenye jiwe la ukubwa wa kichwa. Akaliweka mchangani, akarudi nyuma. Uzi ukaanza kuingia shimoni, mzunguko baada ya mzunguko ukitoka kwenye fungu, ukakaza, na jiwe likatikisika, likaburutwa, likaacha mfereji mchangani, likafika kwenye mdomo wa shimo likasimama. Nanga alisubiri. Kifua kilishaanza kumpiga ngumi kwa ndani. Uzi ukalegea. Kisha fundo alilofunga yeye mwenyewe, fundo ambalo halijawahi kumfungukia tangu ujana, likafunguka mbele ya macho yake, jiwe likabaki, na ncha ya uzi ikainuka juu ya mchanga, ikageuka huku na huku, ikapita kando ya uso wake, ikaanza kwenda zake upande wa nchi kavu, haihangaiki, inajua njia, inajua ukumbi na kizingiti na mguu wa kitanda, na Nanga akiwa hana hewa na hana muda na hana nguvu ya kuwaza jambo la pili, akamwona Mwalimu anamsogelea ukumbini huku anacheka, akanyoosha mkono akaidaka.

Kitu cha kwanza anachofundishwa mzamiaji, kabla ya kupumua, kabla ya kulenga, ni kwamba uzi hauzungushwi mkononi. Unaushika tu, ili ukiweza kuuachia uuachie. Nanga aliwafundisha hilo vijana wengi, wengine kwa makofi. Aliuzungusha uzi kwenye kifundo cha mkono wake, mara mbili, akakaza kwa meno.

Uzi ukasimama. Ukavuta kidogo, mara moja, jinsi yeye anavyovuta ili kujua amepata nini. Halafu ukalegea, ukayeyuka kwenye maji, na mkononi zikabaki alama mbili.

Alipoibuka, shemeji alikuwa ameshavua shati.

"Nilikuwa nakuja kukufuata! Umekaa muda gani huko, wewe mtu?"

Nanga alishika ubavu wa boti. Hakuwa akihema. Shemeji aliona hilo, akafurahi, akamwambia kumbe bado kijana.

Nyumbani waliisikia sauti ya Mwalimu kabla ya kufika mlangoni. Alikuwa anamgombeza mtoto wa jirani aliyekanyaga nguo zilizoanikwa, na alikuwa anamgombeza kwa nguvu zake zote, neno moja baada ya jingine. Nanga alisimama nje ya ukuta akamsikiliza mpaka mwisho. Shemeji alilia waziwazi. Mkono wa Mwalimu ulikuwa safi. Alikuwa amekula, akala tena, na sasa alitaka kujua kwa nini wanaume hawa wamesimama kama wageni.

Fundi cherehani alikunja kazi yake. Alipopita karibu na Nanga aliutazama mkono wake, akainamisha kichwa kidogo, kama watu wanavyofanya msibani. Kwa Mwalimu alisema maneno machache tu.

"Usimwache alale peke yake."

Nanga alijilaza. Godoro lile, shuka ile, ubaridi wa ukuta wa chumba saa za mchana, vyote alivitamani kwa siku nyingi, na usingizi ulikuja mara moja. Aliamshwa na makofi ya uso. Mwalimu alikuwa juu yake, macho yamemtoka.

"Pumua! Wewe! Pumua!"

Akapumua. Hewa iliingia vizuri tu, haikumuuma popote. Ila kifua hakikuivuta chenyewe. Alilala pale akisubiri pumzi ya pili ije, kama zilivyokuja tangu azaliwe, na haikuja mpaka alipoiagiza.

Alimweleza mkewe yote siku hiyohiyo. Mwalimu hakumlaumu. Aliushika ule mkono wenye alama akaubusu, akasema, "Mjinga wewe. Mjinga kabisa." Kisha akavuta kiti kando ya kitanda.

Siku za kwanza Nanga aliweza kujiagiza mwenyewe akiwa macho, vuta, toa, vuta, toa, kutwa nzima, hata akila, hata akizungumza, na akilala ilibidi mtu akae naye amwambie. Walipeana zamu, Mwalimu na mdogo wake. Walirudi kwa fundi cherehani, akawasikiliza, akawapa chai, hakuwa na kingine. Baadaye agizo la Nanga mwenyewe likaacha kufanya kazi. Alikiambia kifua vuta, kikakaa kimya. Agizo la shemeji nalo likaacha. Ikabaki sauti moja tu ambayo kifua chake kiliitii, sauti ile iliyozoea kutiiwa na watoto, na Mwalimu akaacha kazi, akahamia kwenye kiti.

Mchana ule kulikuwa na joto. Shemeji alikuwa baharini. Mwalimu alikuwa ameketi, mkono wake juu ya mkono wa mumewe, kichwa kimeegemea ukuta, na hakuwa amefumba macho tangu hata yeye asikumbuke lini.

"Vuta," akasema. "Toa."

Nanga alimtazama. Uso ulikuwa umekonda, na alimwonea huruma kuliko alivyojionea yeye. Alitaka amwambie alale kidogo, dakika moja tu, wote wawili walale.

"Vuta."

Inzi alitua kwenye shuka, akaondoka.

"Toa."

Kidevu cha Mwalimu kilishuka polepole kikagusa kifua chake. Mkono wake ukawa mzito juu ya mkono wa Nanga, mzito na wa joto, mkono wa mtu aliyelala usingizi mzuri, na kifua chake mwenyewe kikapanda na kushuka vizuri, bila kuambiwa na mtu.

Nanga alitaka kumwita. Kuita kunataka pumzi, na Mwalimu alikuwa bado hajasema vuta.